Muulize Bibi Mkunga: Nani achinje, nani abatize, nani aonje chumvi

Toleo lililopita nilimjibu binti mmoja wa Chumbageni aliyeuliza kama yeye, Mwislamu, anaweza kwenda kanisani shoga yake akimbatiza mtoto. Nilimwambia avae vizuri, aende, ampakate mtoto akilia, na umama wa ubatizo awaachie wenye kanisa lao. Ala! Barua zikamiminika. Mmoja kaniita kafiri mwenye ushungi, mwingine ameahidi kuniombea nimpokee Yesu. Nawashukuru wote kwa stempu zenu.

Kwa wasionijua: mimi ni Mwislamu, Mshafii (wa madhehebu ya Imamu Shafii) kama wengi wa Ngamiani nilikozaliwa. Nimelelewa na mke wa mjomba, Mwanglikana wa Magila, aliyekuwa akiniamsha niswali alfajiri kabla yeye hajafungua kitabu chake cha sala. Kazi yangu ilikuwa wodini, uzazi na watoto wachanga, hadi nilipostaafu. Mimi si shekhe wala padri. Anayetaka fatwa aende msikitini, hapa atapata uzoefu wa mtu aliyekesha sana na watu wa kila dini. Na nyie mnaobishana kwenye barua zenu nani wengi Tanga, sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya 1967. Kila anayewatajia hesabu tangu hapo anakisia.

Haya, tuanze.

"Mchana wa Ramadhani nile wapi?"

*Shikamoo Bibi. Mimi ni Mlutheri wa Bumbuli, nimefunga ndoa ya bomani na kijana wa Kiislamu, na tunaishi kwa mama yake, Ngamiani. Mwaka jana kwenye Ramadhani nilikuwa natoka mchana kwenda kwa mama lishe aliyening'iniza kanga mlangoni, nakula nimeinama kama mwizi. Mwaka huu nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe ana sufuria zake ametenga, hataki nizishike. Mume wangu anasema nivumilie. Nimewaza nifunge nao tu, yaishe. Unanishauri nini? – Mkamwana, Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Kufunga usifunge. Mwenye mimba akijihofia nafsi yake au mtoto, dini yetu yenyewe inamruhusu ale, siku zile azilipe baadaye. Sasa wewe ambaye hata hiyo funga si yako, unamfurahisha nani? Kliniki watakupima damu wakukute imeshuka, halafu mama mkwe huyohuyo ndiye atakayelia.

La kula wapi nalo lina jibu, ila wanaume hawalijui. Ndani ya kila nyumba ya Kiislamu Ramadhani nzima kuna mtu anakula mchana. Kuna aliye kwenye siku zake, kuna anayenyonyesha, kuna bibi mwenye kisukari, na watoto. Tunakula jikoni mlango umerudishwa, hatupiti na sahani uani, tukimaliza tunaosha vyombo na kufuta mdomo. Hakuna anayeuliza. Hata shemeji zako wa kike wakiwa kwenye siku zao wanakula mle mle. Kwa hiyo usikimbilie sokoni. Mwambie mama mkwe asubuhi, kabla mume hajaamka: "Mama, mimi na huyu wa tumboni tutakula jikoni saa saba, nitarudisha mlango." Usimwombe ruhusa, maana ruhusa ya kula huombi. Unamjulisha tu, kwa adabu. Na harufu mwanangu, harufu! Kaanga samaki wako usiku. Mchana kula kiporo.

Sufuria sasa. Mama mkwe hajakwambia, lakini mimi nakwambia: anaogopa kitimoto. Anajua Usambara kwenu watu wanafuga nguruwe, na ameona umekuja na vyombo kutoka kwenu. Sisi Mashafii chombo kilichoguswa na nguruwe hakisafishwi kwa sabuni tu, kinaoshwa mara 7, moja yake kwa udongo. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, sufuria ya mashaka inamkosesha usingizi, na wala hajakuchukia wewe. Mwambie waziwazi kwamba katika nyumba yake hujawahi kula nyama hiyo wala hutaleta. Kama ni kweli, lakini. Kama si kweli, usimwambie. Halafu siku moja mwende naye sokoni mkanunue sufuria mbili mpya, yeye achague, wewe ulipe. Ziwe za nyumba. Hizo alizotenga mwachie, kila mwanamke ana sufuria yake ambayo hata binti yake wa kumzaa haigusi.

Na sasa faida yako. Futari inapikwa kuanzia alasiri: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga. Wapishi wote wamefunga. Wanaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini wengi wanaogopa wasije wakameza, ndiyo maana futari nyingi mjini hapa zina chumvi ya kubahatisha. Wewe ndiye mwonja chumvi wa nyumba hiyo. Mke wa mjomba alikuwa na kazi hiyo kwetu miaka yote, na jirani walikuwa wanaita kutoka ukutani, "Mama fulani, njoo utuonjee!" Anapita na kijiko chake mwenyewe. Siku aliyokwenda kwao Magila kwa msiba tulikula mihogo kama imechemshwa baharini.

Jambo jingine. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima yenu, ni Februari 18, na Ramadhani inaanza siku hiyohiyo au kesho yake. Mwaka 2025 pia vilikutana, Kwaresima ilianza Machi 5 sisi tukiwa tumeshafunga siku chache. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo mkutano huu utapita, hautarudi kwa muda mrefu. Mweleze mama mkwe kwamba na wewe una mfungo wako, umeacha nini na unasali saa ngapi. Wengi wetu tunadhani Wakristo hawafungi kabisa, na akikuona umeacha nyama siku 40 atakutazama kwa jicho jingine. Ila maziwa na mayai usiache, nimesema kama mkunga.

Katikati ya vipaza sauti viwili

*Bibi, nimepanga chumba Makorora. Kulia msikiti, kushoto kanisa la kilokole lenye mkesha kila Ijumaa. Mimi ni Mhindu wa kuzaliwa, silali wala kwa hawa wala kwa wale. Nifanye nini? – Asiyelala*

Hama. Kama huwezi, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, na umwambie saa na desibeli, usitaje dini. Asipokusikia, malalamiko ya kelele yanapokelewa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Adhana ni dakika chache, hiyo utaizoea. Mkesha wenye gitaa la besi mpaka saa kumi usiku hata malaika hawauzoei.

"Mama aliniomba nimbatizie mtoto"

*Shikamoo. Ninasomea uuguzi hapa Korogwe, niko kwenye mafunzo wodini. Mimi ni Mwislamu. Wiki iliyopita usiku kichanga njiti kilikuwa kinazidiwa, na mama yake, Mkatoliki, akanishika mkono akaniambia, "Dada, nibatizie mwanangu." Nikaganda. Muuguzi wa zamu aliyekuwa nami akafika, akashughulika yeye. Toka siku hiyo silali. Ningefanya, ningekuwa nimetoka kwenye dini? Nisingefanya, ningekuwa mkatili? – Mwanafunzi*

Marahaba binti yangu. Swali lako limenirudisha kwenye wodi ile yenye taa moja. Nitakujibu kwa kirefu, maana shuleni hamfundishwi.

Kwanza ujue Wakatoliki wanasemaje, usikisie. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, padri hasubiriwi. Mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi anakusudia kufanya kile Kanisa linachofanya. Maji ya kawaida yanamiminwa kichwani na maneno yanatamkwa: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Hilo nilifundishwa na sista mmoja aliyetufunza ukunga, akatufundisha wote, Wakristo kwa Waislamu, kwa sababu alijua zamu za usiku hazichagui.

Sasa uone "mtu yeyote" maana yake nini. Maana yake hata mama mwenyewe. Na hapo ndipo mlango wako ulipo.

Usiku mmoja nilikuwa na mama kutoka Soni, amejifungua mtoto wa kilo moja na kidogo. Zamu ile tulikuwa mimi na mhudumu, wote Waislamu. Saa tisa usiku mtoto akaanza kusahau kupumua. Unamgusa nyayo anapumua, unamwacha anasahau. Mama akaona sura yangu, akajua. Akaniambia kama ulivyoambiwa. Kinywa changu kisingeweza kutamka maneno yale, na sikuona aibu kumwambia. Nikamwambia, "Mama, mimi Mwislamu, lakini nitakusaidia ubatize mwenyewe. Kanisa lako linakuruhusu." Hakuwa anajua. Alinitazama kama nimemdanganya.

Nikachukua galipoti (kile kibakuli cha dawa) safi, nikatia maji yaliyochemshwa, nikayapoza mpaka yakawa vuguvugu, kwa sababu mtoto njiti ukimmwagia maji ya baridi unammaliza wewe. Nikayapima kwa kiwiko. Nikamfunika mtoto mwili wote nikaacha paji tu. Mhudumu akamshikilia mama mabega, maana alikuwa amejifungua jana yake na miguu inatetemeka. Mimi nikashika galipoti, mama akachota kwa vidole vitatu. Maneno yalimtoka kwa Kisambaa kwanza, akasimama, akauliza kama inafaa. Nikamwambia Mungu wako hasikii Kiswahili peke yake. Akamaliza. Akampa jina la babu yake. Nikamkausha mtoto kichwa kwa pamba haraka, nikarudisha kofia.

Mtoto aliondoka kabla ya adhana ya alfajiri.

Halafu kuna kazi ambayo wengi wanaisahau, na ndiyo ninayotaka uikamate: niliandika kwenye kitabu cha ripoti, "Mtoto amebatizwa na mama yake saa 9 usiku, jina fulani." Asubuhi katekista akaja, nikamwonyesha. Ikamsaidia mama, kwa sababu mtoto aliandikwa parokiani na akazikwa kwa jina. Na mtoto akipona ni muhimu vilevile: padri hamrudii maji, anamalizia taratibu zilizobaki tu. Bila maandishi watu wanabishana.

Kwa hiyo siku nyingine, utaratibu uwe huu. Mama anaweza? Mpe maji. Mama hana fahamu? Baba yuko nje kwenye benchi, mwite. Hakuna baba? Wodi nzima imejaa wanawake, uliza kwa sauti ya chini nani Mkristo, watainuka watatu. Simu ya parokia ibandikwe ukutani karibu na ya benki ya damu. Imefika pabaya kabisa, hakuna mtu ila wewe? Hapo ni wewe na Mola wako, na shekhe unayemwamini umuulize leo, mchana, ukiwa umetulia. Usisubiri saa tisa usiku ndiyo uanze kutafuta fatwa. Mimi nilimuuliza wa kwangu, akanijibu, na jibu lake lilikuwa langu.

Ukatili? Ukatili ni kumwambia mama "hayo mambo yenu siyajui" ukageuka. Nimeuona ukifanywa, na Waislamu wamefanyiwa vilevile. Baba anataka kumwadhinia mwanawe sikioni, adhana sikio la kulia na ikama la kushoto, na muuguzi anamfukuza kwamba saa ya kutazama wagonjwa imekwisha. Dakika mbili! Siku hizi kuna baba yuko safarini, anaadhini kwa simu, mama anaiweka karibu na sikio la mtoto. Mashekhe wanavutana kama inatosha. Mimi ningekuwa zamu ningemwambia tu apunguze sauti, watoto wengine wamelala.

Nimewahi pia kumuuguza bibi mmoja wa Kihindu ambaye wanawe walikuja na kichupa cha maji ya mto Ganga na jani la tulsi, wakaomba watie tone mdomoni mwake roho ikitoka. Daktari kijana akasema asipewe chochote kwa mdomo, anaweza kupaliwa. Bibi wa watu anakufa, na huyu anaogopa kupaliwa. Nilimwomba daktari akanywe chai.

Mwisho kabisa kwa upande wako: mgonjwa anapolazwa, muulize dini na uandike. Shahidi wa Yehova anayekataa damu, Mwislamu anayetaka kuoshwa na wenzake, Mkatoliki anayetaka padri, wote utawajua mchana, wakati kuna mtu wa kumpigia.

Dereva na chapati za Makindu

*Bibi nakusalimu katika Bwana. Ni dereva wa lori, natoa mzigo Tanga kupitia Horohoro kwenda Nairobi. Nimeokoka. Pale Makindu, upande wa Kenya, wenzangu huwa wanasimama kwenye hekalu la Makalasinga, chakula cha bure. Safari hii nikaingia nao, nikala chapati, dengu na chai. Niliporudi mchungaji wangu akasema nimekula vya sanamu, nitubu. Kweli? – Dereva, Sahare*

Mwanangu, unamuuliza Mwislamu habari za Biblia, lakini nimemuuliza wifi yangu Mwanglikana na amenifungulia Wakorintho wa kwanza, sura ya 10. Paulo anawaambia wale wanachowekewa bila kuulizauliza, isipokuwa mtu akiwaambia hiki kimetolewa sadaka kwa sanamu. Sasa tuitazame Makindu yenyewe.

Mimi nilipita pale na basi lililokuwa linatupeleka Nairobi kwa mazishi ya mfanyakazi mwenzetu. Jengo lilianza 1926, kazi ya Makalasinga waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa wanachokupa kama huna chako, unanawa, unaketi. Hawakuulizi dini wala kabila, na hawakudai hata senti. Jiko lile la wote ni sehemu ya ibada yao tangu kwa mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, na kusudi lake tajiri na maskini wakae mstari mmoja wale sawa. Nyama hakuna, kwa hiyo hata swali la nani amechinja halipo. Hiyo ndiyo iliyonituliza mimi. Sanamu pia hakuna, maana Kalasinga anamwabudu Mungu mmoja, na kwenye ukumbi wa ibada kinachotukuzwa ni kitabu chao, Guru Granth Sahib. Mle ukumbini wana kihaluwa kitamu wanachogawa kama baraka. Ukiona moyo wako hauko sawa, hicho usipokee, sema asante tu kwa heshima, hawatakulazimisha. Chapati za jikoni ni chakula cha msafiri.

Mchungaji wako usigombane naye. Muulize tu kama mwezi ujao kanisa lenu linaweza kupika wali wa madereva pale Horohoro. Nina hamu ya kujua atajibu nini.

Kisu cha harusi

*Bibi, mimi ni Msabato wa Same. Binti yangu anaolewa Jumapili, na wakwe na marafiki wengi ni Waislamu kutoka Tanga. Tunachinja ng'ombe mmoja na mbuzi. Zamani baba yangu alikuwa anamwita mzee jirani, Mwislamu, achinje. Vijana wa kanisani wanasema safari hii tuchinje wenyewe, kwani nyama ya Msabato ni haramu? – Baba wa bibi harusi*

Vijana wana uchungu wao, nami nitawatetea kidogo. Miaka na miaka Mkristo wa nchi hii anampa Mwislamu kisu ili wote wale, na mara chache sisi tumemwambia asante. Tumeichukua kama haki yetu. Hilo linaudhi, na halikuanza leo. Mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mahali mchungaji akauawa. Nani angedhani kisu cha kitoweo kingefika huko?

Lakini mzee, hii ni harusi ya binti yako, na swali ni dogo kuliko hayo. Unataka wageni wako wale? Mwite jirani. Ng'ombe alazwe, Mwislamu asome bismillahi apitishe kisu, vijana wa kanisani wachune na wakate. Nguruwe ninyi Wasabato hamli, damu hamli, kwa hiyo jikoni kwako hakuna kitakachomtisha mgeni. Nimekula harusi nyingi za Wapare wa Kisabato na kilichonisumbua kilikuwa kingine kabisa: kahawa haipikwi! Wazee wa Tanga watakaa chini ya turubai wakitazamana. Wachemshieni mchaichai wenye tangawizi kwa wingi na mtu apite na tende. Mbuzi mmoja, kama vijana wanataka, wamchinje wenyewe kwa ajili ya waumini wenu, apikwe sufuria yake, na mpakuaji ajue ipi ni ipi. Hakuna atakayeumia, mradi msidanganye mtu kwenye sahani.

Baba ana majina mawili

*Bibi Mkunga, shikamoo. Baba yetu alizaliwa Mwislamu, Pangani. Alipotaka kumwoa mama akabatizwa, akapewa jina la Kikristo, tukalelewa Kianglikana. Mama alipofariki baba akarudi msikitini kimyakimya, Ijumaa anaswali. Kaka yetu mkubwa naye alisilimu. Sasa baba anaumwa. Baba mdogo anasema akifa anazikwa Pangani siku hiyohiyo. Dada zangu wanasema atazikwa kando ya mama, kwa jeneza na ibada. Wameshaanza kununiana na mgonjwa bado anakunywa uji. Afanye nini mtoto wa katikati? – Wa katikati, Muheza*

Marahaba. Mgonjwa anakunywa uji, anaongea, na hakuna aliyemuuliza! Nimeona miili ikikaa mochwari ndugu wakivutana, wengine wameleta shekhe, wengine padri, na marehemu alikuwa na miezi mitatu ya kulala kitandani akiwa na akili timamu. Watoto wanaogopa kwamba kuuliza ni kumwita mauti. Baba yenu amezika wazazi wake na mkewe. Mauti anayajua.

Mwulizeni wawili kwa pamoja, wewe na kaka yako aliyesilimu, jioni, akiwa ameshaoga. Dada na baba mdogo wasiwepo. Msimwambie "ukifa." Mwambieni, "Baba, tunataka kujua unataka tukufanyie nini, tusije tukagombana." Atakachosema kiandikeni, atie saini au dole gumba, na washuhudie jirani wawili, mmoja wa kila dini. Kama anaweza kutamka mbele ya imamu wake na padri wa Magila, bora zaidi.

Karatasi hiyo iwe peke yake. Usiichanganye na wosia wa mali, kwa sababu kwa kawaida wosia unafunguliwa baada ya mazishi, na mkikuta humo aliomba kuzikwa kando ya mama yenu, ameshalala Pangani.

Akisema Uislamu, dada zako waambiwe mapema wanachokwenda kukutana nacho, maana hapo ndipo vilio vya hasira vinapotokea. Hakuna kusubiri ndugu wa Mwanza. Akifa asubuhi, alasiri anazikwa. Anaoshwa na Waislamu wanaume, anavikwa sanda vipande vitatu, hakuna jeneza la kushuka nalo kaburini, analazwa ubavu kwenye mwanandani, ile nafasi inayochimbwa ndani ya kaburi. Hakuna kuaga mwili kwa foleni, mwenye kutaka kumwona uso amwone nyumbani kabla hajafungwa. Na huku kwetu pwani wanawake hawaendi makaburini kuzika, jambo ambalo mabinti wa Kianglikana hawalitarajii kabisa. Mwombeni imamu dada zako wakae chumbani na baba dakika wanazotaka kabla ya kuoshwa. Sijaona imamu mwenye utu akakataa. Wewe jeneza la wazi utalibeba begani na udongo utatia, kama jirani zenu Wakristo wanavyofanya kila siku. Sanda wanunue dada. Mtu aliyenunua sanda haoni kama amenyang'anywa baba.

Akisema Ukristo, baba mdogo aambiwe na baba mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa hai. Atanuna. Afadhali anune sasa.

Mali ni kazi nyingine. Akifa Mwislamu na mirathi ikaenda Kiislamu, watoto Wakristo hawarithi. Anaweza kuwausia mpaka thuluthi ya mali yake, lakini lazima auandike huo wosia yeye, nyie hamwezi kumwandikia baada ya kufa. Mkifika mahakamani, mahakama zetu zinaangalia pia marehemu aliishi maisha ya namna gani, na kwa mtu mwenye majina mawili hapo mawakili watakula vizuri. Kama kuna shamba au nyumba ambayo anataka iwe ya dada zako, awape sasa, kwa hati, mbele ya mashahidi. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa ada. Ile karatasi ya mazishi ibaki nyumbani, nakala moja kwa kaka yako na nyingine kwa dada mkubwa, na umpigie baba mdogo simu leo hii umwambie mnamuuliza mwenyewe Jumamosi.